Nimeambiwa nilipie chanjo ya tetekuwanga. Nimchanje mtoto au niache?

SWALI

Shikamoo Mama,

Nina mtoto wa kike wa miezi 14, ndiye wa kwanza. Tunaishi Tabata, Dar es Salaam: mimi, mume wangu, mama mkwe, na mdogo wa mume wangu anayesoma kidato cha pili. Chanjo zote za kliniki mtoto amepata kwa wakati. Alipata za kuzaliwa, za wiki 6, 10 na 14, na ya surua alipofikisha miezi 9.

Mwezi uliopita alikohoa sana tukampeleka hospitali moja ya binafsi. Daktari alipomaliza, nesi akatupa karatasi yenye orodha ya chanjo alizoziita za ziada: tetekuwanga, homa ya ini A, mafua, uti wa mgongo, na moja ya surua iliyochanganywa na matumbwitumbwi. Zote ni za kulipia. Aliyoisisitiza zaidi ni ya tetekuwanga, ambayo ni sindano mbili. Nilipotajiwa bei nilinyamaza, maana sindano hizo mbili zinakaribia kodi yetu ya nyumba ya mwezi mmoja. Nikamwambia nakwenda kufikiri. Akanijibu, "Mama, usicheze na maisha ya mtoto." Maneno hayo yamenikaa moyoni mpaka leo.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema tetekuwanga ni ugonjwa wa kila mtoto, wanawe wote waliugua, akawaogesha maji ya mwarobaini, wakapona, na aliyeugua utotoni haugui tena. Mume wangu anasema ingekuwa chanjo ya maana serikali ingeitoa bure kama nyingine. Wifi yangu anaishi Uingereza, naye anasema watoto wake wamezaliwa na kukulia huko na hawakuwahi kuchanjwa tetekuwanga. Rafiki yangu wa kazini ananitumia sauti za WhatsApp zinazosema sindano nyingi zinachosha kinga ya mtoto.

Ningeshaachana na jambo hili, ila kuna mawili. Kwanza, kwenye kituo ninakomwacha mtoto mchana, wiki iliyopita watoto wawili walirudishwa kwao kwa sababu ya tetekuwanga. Pili, nina ujauzito wa miezi mitatu. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na shangazi yangu Tabora, naye hakumbuki kama niliwahi kuugua tetekuwanga. Sijui kama hilo linahusika, ndiyo maana nimeliweka mwishoni.

Nifanye nini? Mume wangu amesema atakubali nitakaloamua, lakini hela hiyo ikitoka kuna kitu kingine kitasimama.

Mama K., Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa ujauzito.

Hilo uliloliweka mwishoni mimi naliweka mbele ya yote, hata mbele ya mtoto. Wiki hii, usingoje tarehe yako ya kliniki ya wajawazito, nenda ukawaeleze mambo mawili: kwenye kituo cha mtoto wako kuna tetekuwanga, na wewe hujui kama uliwahi kuugua. Omba upimwe damu kuona kama una kingamwili za ugonjwa huo. Kipimo hicho hakipatikani kwenye kila zahanati, lakini maabara za hospitali kubwa za mjini zinaweza kukifanya au kukuelekeza kinakofanyika. Wakati huohuo mpigie shangazi tena. Usimuulize "niliwahi kuugua?", maana swali hilo ameshashindwa kulijibu. Muulize kama anakumbuka msimu ambao watoto wa nyumba nzima walitoka malengelenge, na wewe ulikuwepo. Jiangalie pia usoni, kifuani na mgongoni kama una vishimo vidogo vya mviringo. Kumbukumbu ya namna hiyo inasaidia, ingawa damu ndiyo inayotoa jibu la uhakika.

Nakuharakisha kwa sababu hii. Tetekuwanga inayompata mtoto mzima wa afya na ile inayompata mama mjamzito asiye na kinga ni kirusi kilekile, lakini uzito wake haufanani hata kidogo. Mtu mzima hupata homa kali zaidi na malengelenge mengi zaidi, na kinachotutisha wauguzi ni nimonia ya kirusi hicho, ambayo kwa mjamzito inaweza kuwa ya kufa na kupona. Mama akiugua ndani ya wiki 20 za mwanzo kuna uwezekano mdogo, unaofika kama asilimia 2, wa mtoto aliye tumboni kupata madhara ya kudumu kwenye viungo, macho au ubongo. Na akiugua siku chache kabla au mara tu baada ya kujifungua, mtoto mchanga huupokea ugonjwa bila kupokea kinga ya mama, na hapo ndipo wachanga hupotea. Sikuandikii haya ili nikutie hofu. Huenda ukapimwa ukakutwa na kinga tele, maana waliokulia hapa kwetu wengi wanayo bila kukumbuka waliipataje. Lakini hili ni la kujua kwa hakika.

Sasa tuje kwa binti yako.

Kwanza niyaondoe yale maneno ya nesi, kwa kuwa mzazi aliyetishwa haamui vizuri. Hujacheza na maisha ya mtu. Mtoto aliyemaliza chanjo zote hadi ya miezi 9 kwa wakati ana mama anayejua wajibu wake. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi kwenye kliniki za mama na mtoto, na inaniuma kuona mwenzetu anamuuzia mzazi chanjo kwa kumtia hatia. Chanjo inaelezwa: inazuia nini, kwa kiasi gani, ina madhara gani, inagharimu kiasi gani. Mzazi akitaka muda wa kufikiri anapewa, tena kwa heshima. Wewe ulipewa bei na shutuma, vingine vyote hukuelezwa.

Mumeo ana hoja, na hoja yake inastahili kujibiwa vizuri kwa sababu ndiyo ya wengi. Ni kweli serikali haitoi chanjo ya tetekuwanga kwenye ratiba ya watoto. Lakini ratiba hiyo hupangwa kwa kuangalia ugonjwa gani unaua watoto wengi na hela iliyopo inatosha nini. Surua, nimonia, kuhara, kifaduro, pepopunda na polio vinakuja kwanza kwa sababu vinaua na kulemaza wengi kuliko tetekuwanga. Nchi zetu husaidiwa kununua chanjo na Gavi, shirika la kimataifa la kugharamia chanjo, na Gavi haina tetekuwanga kati ya chanjo inazozigharamia. Kwa hiyo kutokuwepo kwenye kadi kunamaanisha kuna yaliyotangulia. Hakumaanishi chanjo haina maana. Hata chanjo ya nimonia na ile ya kuhara kwa virusi vya rota, ambazo leo binti yako amezipata bure akiwa na wiki 6, zilizinduliwa nchini Desemba 2012. Watoto waliozaliwa kabla ya hapo hawakuwa nazo kwenye kadi, na nimonia ilikuwa ikiua watoto vilevile.

Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa 2014, halikuziambia nchi zote zianze kutoa chanjo hii. Lilisema nchi ianze kama ugonjwa huo ni mzigo kwake na kama inaweza kuwafikia angalau asilimia 80 ya watoto, tena kwa kudumu. Ukichanja nusu ya watoto wa nchi, kirusi kinazunguka polepole, na wale ambao hawakuchanjwa wanachelewa kukutana nacho mpaka wanakuwa watu wazima, wakati ambao ugonjwa ni mkali zaidi. Hiyo ni hesabu ya waziri. Ya kwako ni nyingine. Inakuhusu pale tu kwamba ukianza sindano ya kwanza usiiache ya pili, ili binti asifike ukubwani akiwa na kinga nusunusu.

Wifi yako naye amesema kweli ya wakati wa watoto wake. Kwa miaka mingi Uingereza haikuwachanja watoto wote tetekuwanga. Kirusi hiki hakitoki mwilini baada ya mtu kupona. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu, na uzeeni au kinga ikishuka huamka kikiwa mkanda wa jeshi. Waingereza walihofia kwamba watoto wakiacha kuugua, watu wazima ambao kinga yao huchochewa kila wanapokuwa karibu na mtoto mgonjwa wangepata mkanda wa jeshi kwa wingi zaidi. Marekani ilianza kuchanja watoto wake mwaka 1995, na uzoefu wa huko haukuonyesha balaa lililohofiwa. Basi wataalamu wa Uingereza wakabadili ushauri wao Novemba 2023, na mwaka 2025 serikali ikatangaza kwamba kuanzia Januari 2026 watoto watapewa chanjo ya tetekuwanga pamoja na surua, matumbwitumbwi na rubela, wakiwa na miezi 12 na miezi 18. Mwambie wifi aulize kituo chake cha afya kama wanawe wana nafasi.

Kuhusu mama mkwe nakuomba uende taratibu, kwa sababu sehemu kubwa ya anayosema ni sahihi na anayasema kwa kuyaona. Watoto wengi huugua tetekuwanga, wanawashwa wiki moja, wanapona, na ni nadra sana kuugua mara ya pili. Lakini hakuna anayeweza kukuambia mapema ni mtoto yupi atapata matatizo. Kabla ya chanjo, Marekani ilikuwa na wagonjwa wapatao milioni 4 kila mwaka. Kati yao zaidi ya 10,000 walilazwa hospitali, na wapatao 100 hadi 150 walifariki, wengine wakiwa watoto waliokuwa wazima kabisa. Kinachowaharibia watoto zaidi ni wadudu wanaoingia kwenye malengelenge yaliyokunwa, ngozi ikaoza au sumu ikasambaa kwenye damu. Wachache kirusi huwafika ubongoni. Na chanjo yenyewe ilianzia kwa mzazi aliyeona upande huo: daktari Michiaki Takahashi wa Japani, ambaye mwanawe mdogo aliugua tetekuwanga vibaya mwaka 1964, akatumia miaka iliyofuata kukidhoofisha kirusi hicho maabara hadi akatangaza chanjo mwaka 1974.

Kuna jambo jingine ambalo mama mkwe hana namna ya kuliona akiwa nyumbani. Katika nchi za joto tetekuwanga haiwafikii watoto wote mapema kama inavyofanya kwenye nchi za baridi. Ingawa wengi huku kwetu huipata utotoni, wapo wasio wachache wanaofika ujanani na utu uzima hawajaugua, ndipo inawapata, na inawapata kwa nguvu. Kwa hiyo "ataugua akiwa mdogo yataisha" ni jambo ambalo huna uhakika nalo. Shemeji yako wa kidato cha pili, kwa mfano, hebu muulizeni mama yake vizuri kama kweli naye alikuwa mmoja wa walioogeshwa mwarobaini.

Zile sauti za WhatsApp sitazipa nafasi kubwa. Mtoto anayetambaa sakafuni na kutia kila kitu mdomoni hukutana kila siku na vijidudu vingi kuliko vilivyomo kwenye chanjo zote za kadi yake, na kinga yake haichoki kwa hilo. Chanjo ya tetekuwanga inaweza hata kutolewa siku moja na ya surua, kila sindano mahali pake.

Basi ushauri wangu ni huu. Kama kipimo kitaonyesha huna kinga, au kama kipimo kitashindikana na ukabaki hujui, mchanje binti yako, na umchanje mapema. Wewe mwenyewe huwezi kuchanjwa ukiwa mjamzito, kwa kuwa chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtu anayeweza kukuletea ugonjwa huo kitandani ni yeye, anayekwenda kituoni kila asubuhi na kulala kifuani kwako kila usiku. Kumchanja yeye ni kukukinga wewe, na ni kumkinga huyo aliye tumboni. Kwa nyumba yenu sindano hiyo ina thamani kuliko ilivyo kwa jirani yako mwenye mtoto wa umri huohuo, na ndiyo sababu nakuambia wewe "ndiyo" ilhali ningeweza kumwambia jirani "si lazima".

Usihofu kwamba mtoto aliyechanjwa atakuambukiza. Mama kuwa mjamzito si kizuizi cha kumchanja mtoto wa nyumba hiyo. Wachache hutoka vipele vichache ndani ya mwezi mmoja baada ya sindano, na kumuambukiza mtu kwa vipele hivyo ni jambo la nadra mno. Kama vitatokea, vifunike kwa nguo, aogeshwe na baba au bibi mpaka vikauke, kisha uwaarifu kliniki.

Kama kipimo kitaonyesha una kinga, pumua. Haraka imekwisha. Hata mtoto mchanga atazaliwa na sehemu ya kinga yako. Hapo chanjo ya binti inabaki kuwa kitu kizuri cha kufanya hela ikiruhusu, na isiporuhusu hujamkosea mtu. Kodi ya nyumba, chakula na hela ya kujifungulia visitikiswe kwa ajili yake. Nalisema hili wazi kwa sababu najua kuna kinamama hukopa kwa riba kulipia chanjo za ziada baada ya kutishwa, halafu wanakosa nauli ya kufuata zile za bure.

Na hapo kuna jambo lenye uzito kuliko sindano zote za ile karatasi. Binti yako ana chanjo ya pili ya surua na rubela akifikisha miezi 18. Ni ya bure. Kinamama wengi hudhani kliniki imekwisha mtoto akitimiza miezi 9, wanaiweka kadi kabatini. Surua haijaondoka nchini. Mwaka 2022 ililipuka na kuua watoto huko Katavi. Ukiniambia una nguvu ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, nitakuambia hilo la miezi 18.

Kuhusu malipo, si lazima utoe hela ya sindano mbili kwa pamoja. Sindano ya kwanza hutolewa kuanzia miezi 12, ya pili angalau miezi 3 baadaye, na nchi nyingine huisogeza mpaka mtoto ana miaka 4 hadi 6. Sindano moja huzuia tetekuwanga kwa watoto zaidi ya 8 katika kila 10, na karibu wote huwakinga na ile kali. Ukimpa ya kwanza sasa na ya pili akifikisha miezi 18, atakuwa na zote kabla mdogo wake hajazaliwa. Ila angalia hapa: ya pili itaangukia kwenye muda uleule wa surua. Chanjo hizi mbili ama zitolewe siku moja, ama zipishane kwa wiki 4 au zaidi. Kama ya surua unaifuata kituo cha serikali asubuhi na ya tetekuwanga hospitali ya binafsi mchana wake, ni sawa. Ukiachanisha kwa wiki moja au mbili, si sawa. Waonyeshe kadi kila unapokwenda, na usikubali sindano ya binafsi iandikwe kwenye karatasi yake peke yake. Iandikwe kwenye kadi ya kliniki, jina la chanjo na namba ya toleo.

Kabla hujalipa, uliza chanjo inatunzwaje. Hii ni chanjo hai na joto huiua. Uliza friji yao hufanyaje umeme ukikatika, na ikishachanganywa na maji yake inatumika ndani ya muda gani. Mtu anayeifahamu kazi yake atakujibu bila kununa. Akinuna, tafuta kwingine. Waambie pia kama mtoto aliwahi kuongezewa damu karibuni, kama ana dawa za steroidi anazotumia kwa muda mrefu, kama alishawahi kuvimba au kubanwa pumzi kwa chanjo au dawa, au kama kuna tatizo lolote la kinga ya mwili, pamoja na VVU. Baadhi ya hayo huahirisha chanjo, mengine huhitaji daktari aamue. Baada ya sindano kaeni hapo hospitali robo saa hivi kabla ya kuondoka. Homa ndogo na uvimbe mahali pa sindano ni kawaida. Mpe panadol ya kipimo cha uzito wake.

Halafu kuna kile kituo. Watoto wale walirudishwa wiki iliyopita, na tetekuwanga huambukiza siku moja au mbili kabla vipele havijaonekana. Kwa hiyo huenda binti ameshakipata kirusi na bado hakijajitokeza. Muda wa kujificha ni siku 10 hadi 21. Chanjo ikitolewa ndani ya siku 3 hadi 5 tangu mtoto akutane na mgonjwa, inaweza bado kuzuia ugonjwa au kuupunguza. Kwake siku hizo labda zimepita, lakini kumchanja sasa hakumdhuru na kutamkinga na wimbi litakalofuata. Muombe msimamizi wa kituo asiwarudishe wale wawili mpaka kila lengelenge liwe limekauka na kushika gamba. Kama una mtu wa kumwachia binti nyumbani kwa muda huu, mwache.

Akitoka vipele kabla hujapata majibu yako ya damu, bibi yake ndiye awe muuguzi, wewe ukae mbali naye kadiri moyo utakavyokuruhusu, na siku hiyohiyo uende hospitali hata kama hujisikii vibaya. Piga simu kwanza ili usikalishwe kwenye foleni na wajawazito wenzako. Kuna dawa ya kupambana na kirusi hicho, na daktari anaweza kuamua kukupa mapema. Ukisubiri mpaka vipele vikutoke wewe, nafasi inapungua.

Mwarobaini wa mama mkwe haui kirusi, lakini kumwogesha mtoto maji safi ya uvuguvugu kunampunguzia muwasho, na bibi akifanya hivyo kwa upendo sioni sababu ya kugombana. Mumkate kucha ziwe fupi kabisa, mumpake losheni ya kalamini. Asipewe aspirini kwa hali yoyote, maana ikikutana na tetekuwanga inaweza kuharibu ini na ubongo wa mtoto, na hata baada ya chanjo asipewe kwa wiki 6. Ibuprofeni nayo muiache. Mkiona ngozi kando ya malengelenge imekuwa nyekundu, ya moto na imevimba, au homa inapita siku ya nne, au anahema kwa shida, anatapika mfululizo, anasinzia kupita kawaida au anayumba akitembea, msingoje asubuhi.

Zile nyingine za kwenye karatasi zinaweza kusubiri. Ya matumbwitumbwi ni nzuri lakini haina haraka kwa umri wake, na isichukue nafasi ya surua ya miezi 18 bila daktari kuangalia kadi. Homa ya ini A kwa watoto wadogo mara nyingi hupita bila hata kuonekana, ingawa ni nzito kwa wakubwa. Uti wa mgongo utaiwaza kama mnasafiri naye Umra au Hija, kwa sababu Saudi Arabia huidai. Mafua ningeiangalia tu kama mtoto ana pumu, ugonjwa wa moyo au selimundu, na hukuniambia ana lolote kati ya hayo.

Wewe mwenyewe, kama damu itaonyesha huna kinga, waambie mapema wakunga wako waiandike kwenye kadi ya ujauzito ili isisahaulike siku ya kujifungua. Baada ya kujifungua utaweza kuchanjwa sindano mbili, wiki 4 hadi 8 kati yake, na kunyonyesha hakukuzuii. Shemeji yako naye kama hajawahi kuugua anaingia kwenye utaratibu huohuo wa sindano mbili, kwa kuwa ameshavuka miaka 13. Hela haitatosha wote kwa mara moja, najua. Anza na kipimo chako, kisha binti, kisha wewe baada ya uzazi, shemeji awe wa mwisho.